Tulipokuwa Tukisaidiana Kuingia

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kufungua anwani ya Yahoo katika intaneti kafe ya Kariakoo ilikuwa shughuli ya watu wawili, wakati mwingine ya foleni nzima. Nilikaa kaunta katika kafe mojawapo. Mteja alivuta kiti, mimi nikashika kibodi. Nikimuuliza neno la siri, alilitamka kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na waliokuwa nyuma yake walilisikia. Likikataliwa kwa ufupi wake, walimpendekezea jingine. Mara nyingi lilikuwa jina la kifungua mimba wake, au Simba, au Yanga. Kisha tuliliandika kwenye daftari la chini ya kaunta, maana sote tulijua mwezi ujao atarudi amelisahau.

"Mwanangu, si ulinifungulia kwa Yanga?"

"Yanga ulibadilisha, mzee. Sasa ni Halima."

Mtaalamu wa usalama wa mitandao akisikia habari za daftari hilo atashika kichwa, na ana haki. Lakini hatukuwa wajinga kiasi hicho. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla yake tulitegemea satelaiti, na ukurasa mmoja ungeweza kula dakika ambazo mtu amezilipia. Aliyekosea neno la siri mara mbili tatu alimaliza hela kabla hajasoma barua ya mwanawe aliyeko Muscat. Daftari lilimwokoa. Na ndani ya barua zile kulikuwa na nini cha kuiba zaidi ya salamu?

Kilichonichekesha hata wakati ule ni swali la akiba, la kujibiwa ukisahau: jina la ukoo la mama yako kabla hajaolewa. Pwani yetu mwanamke haachi jina la baba yake kwa sababu ya ndoa. Binti Salum huolewa akiwa binti Salum, huzikwa akiwa binti Salum, na mtaa mzima unajua. Hata huko Marekani maswali ya namna hiyo hayakufaa kitu. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja alijifungulia sanduku la Yahoo la Sarah Palin, mgombea umakamu wa rais, kwa kujibu alizaliwa lini na alikutana wapi na mumewe. Majibu aliyapata mtandaoni.

Baadaye zikaja amri. Herufi kubwa, tarakimu, alama ya mshangao, na kila baada ya siku 90 ubadilishe. Nimezikuta katika kila ofisi niliyofanya kazi tangu nitoke kafe, zimebandikwa kama sheria ya Mungu. Sehemu kubwa zilitoka katika mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr. Simba akawa Simba1!, robo mwaka ikapita akawa Simba2!, na yule asiyetaka kukumbuka alibandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta, ambako hata mfagizi aliisoma. Daftari letu angalau lilikaa chini ya kaunta. Mwaka 2017 Burr, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika, na mwaka huohuo NIST yenyewe ikaacha kudai mabadiliko ya kila mara. Kuna ofisi hapa mjini ambazo habari hiyo haijazifikia. Na kama mtu angesikiliza, Anne Adams na Angela Sasse wa London walishasema mwaka 1999 kwamba mtumiaji si adui. Anayemchosha ndiye anayemfundisha kukwepa.

Picha za kuthibitisha ubinadamu nitazipitia haraka, maana bado zinaniudhi. Nimemshuhudia mhitimu wa chuo kikuu akishindwa kuthibitisha kuwa si roboti, kwa kuwa hakuwa na habari jinsi bomba la zimamoto la Marekani linavyofanana.

Lililobadilika kweli ni jingine. Pesa iliingia kwenye simu: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, kwetu mwaka 2008. Kwa tarakimu nne tu, bila alama ya mshangao, mtu wa kijijini akatuma na kupokea. Pamoja na pesa wakaja wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na tangazo likawa moja: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Ni tangazo sahihi, nami huwaambia ndugu zangu kila siku. Ila lilivunja desturi ya kaunta. Leo bibi asiyenijua akininyooshea simu yake benki nimsaidie, narudisha mikono nyuma. Msaada na utapeli vimevaa sare moja.

Na mifumo yenyewe inaamini kila mtu ana simu yake, laini yake na chaji ya kutosha. Binamu yangu aliomba kazi kupitia akaunti aliyoifungua kwa laini ya baba yake. Namba ya uthibitisho ikatumwa kwa mzee, mzee yuko shamba Kilosa, mtandao hakuna. Alipopanda kilima ikamfikia, muda wake ulikuwa umekwisha.

Tangu mwaka 2022 Apple, Google na Microsoft wanasukuma mpango wa kuingia bila neno la siri kabisa: simu ndiyo inayokutambulisha, nawe unaifungua kwa kidole au uso. Naupenda, kwa sababu tovuti ya bandia haina cha kukuibia hapo. Nikamweleza shangazi yangu, aliyelima maisha yake yote, ambaye wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole alifutwa vidole kwa kitambaa, kwa mafuta, kwa limau, na mashine ikaendelea kumkataa.

"Hiyo tayari ninayo," akanijibu. Kidole kinachofungua simu yake ni cha mjukuu wake wa darasa la saba. Hata namba ya akiba anaijua mtoto huyohuyo, na Januari anakwenda bweni.