Loki ya Usukani na Haki ya Yatima

Watu wengi wakisikia neno mirathi hufikiria nyumba, viwanja na fedha za benki. Katika miaka ambayo nimekuwa katibu wa kamati ya msikiti hapa Mwanza, nimeona haki za warithi zikipotea zaidi katika vitu vidogo: cherehani, baiskeli, nyavu, pikipiki kuukuu. Vitu hivi haviitiwi mashahidi. Huuzwa upesi, kwa bei aliyoitaka mnunuzi, na sababu inayotolewa aghalabu ni moja: kimeharibika.

Ndugu yetu mmoja, Allah amrehemu, alikuwa akichukua dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuwapelekea wateja wake wa Igoma na Buhongwa. Alipofariki aliacha mjane, watoto watatu wadogo, na pikipiki ya zamani iliyosimama uani ikiwa imefungwa loki ya usukani. Mjane alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi. Pikipiki nayo ikakaa hapo hapo, ikinyeshewa na mvua za masika. Siku ilipohitajika, ufunguo uliingia lakini haukuzunguka.

Mnunuzi akajitokeza na shilingi 400,000. Hoja yake ilikuwa kwamba loki imekufa, itabidi ivunjwe kwa nyundo, na pikipiki iliyovunjwa loki haina thamani. Shemeji wa mjane, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi, alikuwa tayari kukubali ili shughuli iishe.

“Ustadhi,” mjane aliniambia, “mimi sijui mambo ya pikipiki. Lakini marehemu aliiendesha mpaka wiki ile ile aliyougua. Imekufaje ikiwa imesimama?”

Swali lile lilistahili jibu la fundi, si la mnunuzi. Nilimwomba msimamizi atupe siku mbili. Kwa kuwa pikipiki iliyofungwa usukani haisukumiki kirahisi, tulimwita mzee mmoja fundi wa Mabatini aje nyumbani.

Jambo la kwanza alilofanya lilinifurahisha: aliomba kadi ya pikipiki. Akafuta vumbi kwenye shingo ya fremu, akasoma namba ya chesesi iliyogongwa pale, akailinganisha na ile ya kwenye kadi. “Sifungui loki ya mtu nisiyemjua, Katibu,” alisema. “Anayevunja loki usiku naye huja na ufunguo wa hadithi.”

Kisha akatueleza. Loki ya usukani ni kitu chepesi kukielewa. Ndani yake mna ulimi wa chuma unaochomoza na kuingia katika tundu, usukani ukazuilika upande mmoja. Ufunguo hukataa kwa sababu kuu tatu. Huenda uzito wa gurudumu la mbele unaukandamiza ulimi, au vumbi na kutu vimeshika springi na vibati vidogo vya ndani, au ufunguo wenyewe umelika. Katika sababu zote hizo, nyundo si dawa ya kwanza. Wala koleo si dawa, kwani ufunguo uliolika hukatikia ndani, na tatizo moja huwa mawili.

Alisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la mbele likainuliwa. Akapuliza vumbi, akatia mafuta mepesi ya kulegeza kutu, akaingiza na kutoa ufunguo mara nyingi bila kuuzungusha. Hakutia grisi, kwa kuwa grisi hukusanya vumbi. Akaiacha mpaka kesho yake. Asubuhi aliushika ufunguo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akawa anausukuma usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, ili ulimi upate nafasi. Loki ikafunguka.

Hata hivyo hakutuambia kwamba kazi imekwisha. Alituonesha kwamba springi ilikuwa imeliwa na kutu na ulimi haurudi wote. Loki ya namna hiyo ni hatari kuliko loki iliyokufa, maana ulimi ukichomoza pikipiki ikiwa mwendoni, usukani hukwama kwenye kona. Akashauri iondolewe yote. Aliitoboa kwa keekee ribiti iliyoishikilia, akaitoa loki pamoja na ulimi wake, akaziba tundu kwa mpira, kisha akauzungusha usukani mwisho kushoto na mwisho kulia kuhakikisha haugusi kitu. Malipo yake yalikuwa shilingi 20,000.

Hapo lilibaki jambo la upande wa pili. Haki iliyotufanya tumlinde yatima ndiyo hiyo hiyo inayomlinda mnunuzi, kwani dini yetu haimruhusu muuzaji kuficha aibu ya bidhaa. Mnunuzi mpya kutoka Kisesa aliambiwa wazi mbele ya mjane na msimamizi: pikipiki haina loki ya usukani, utahitaji mnyororo na kufuli. Akaitazama, akaiendesha, akatoa 740,000.

Baada ya kumlipa fundi, zilibaki 720,000, yaani 320,000 zaidi ya zile za mwanzo. Marehemu hakuwa na deni wala wazazi hai. Kwa hiyo katika nyongeza hiyo thumuni ya mjane ilikuwa 40,000, na 280,000 zikawa za watoto. Kwa mwenye duka kubwa fedha hizo ni kidogo. Kwa watoto wale zilikuwa sare na madaftari ya shule.

Ndugu msomaji, ukikabidhiwa mali ya marehemu, usikubali kifaa kihukumiwe na yule anayetaka kukinunua. Mwite fundi unayemwamini, mwoneshe kadi, umuulize nini kimeharibika na kutengeneza kutagharimu kiasi gani. Andika majibu yake, warithi wayaone, ndipo mzungumzie bei.