Switch Ipi kwa Watoto Wetu?

Majira ya baridi hapa Saint Paul ni marefu, na watoto wakikosa kutoka nje wanaomba gemu. Kwetu uchaguzi ulikuwa kati ya Nintendo Switch ya 2017 na Switch Lite ya 2019.

Lite ilipotoka iliuzwa dola 199, ile kubwa 299. Ina gramu 275 na skrini ya inchi 5.5, inakaa vizuri mikononi mwa mtoto, na ni nzuri ndani ya treni ya Green Line kwenda Minneapolis. Lakini haiunganishwi na TV, na vitufe vyake havichomolewi.

Switch yenyewe ina skrini ya inchi 6.2. Ukiipachika kwenye kituo chake, picha inahamia kwenye TV. Vishikio vyake viwili ukivichomoa, watoto wawili wanacheza pamoja. Tulichukua hiyo.

Sababu yangu si ukubwa wa picha. Menyu za mashine hizi hazina Kiswahili. Mtoto akijifungia na Lite, amevaa hedifoni, jioni nzima hasikii neno la kwetu. Mbele ya TV dada anapiga kelele, "Kata kona!" Mdogo wake anajibu, "Usinisukume!" Na bibi anauliza nani anaongoza.

Muda wa kucheza naupanga kwa programu ya wazazi kwenye simu yangu.

Mzazi mwenzangu, kwa mtoto anayechezea njiani tu, Lite inatosha. Kama nyumbani wako wawili au zaidi, jikaze ulipe hiyo tofauti: unanunua na mazungumzo.