Picha ya Mjomba Ukingoni mwa Mto Nile

Msafiri atokaye Kampala kwenda Jinja huwa na safari ya kilomita zipatazo 80. Hupita Namawojjolo, ambako wauzaji huyakimbilia magari wakiwa na kuku wa kuchoma na gonja mikononi, kisha huingia katika kivuli cha msitu wa Mabira, na hatimaye hufika mahali ambapo Mto Nile unaliacha Ziwa Victoria na kuanza mwendo wake mrefu kuelekea Misri. Mwaka jana nilikwenda huko nikiwa na kamera niliyoazima kwa mwenzangu wa kazini. Nilikuwa nimejifunza kuiwasha na kuizima. Zaidi ya hayo sikujua.

Safari hiyo niliifanya kwa ajili ya mjomba wangu, koplo mstaafu aliyekwisha kupita umri wa miaka 80. Nyumbani kwake imo picha yake moja tu, ya ujanani, amevaa sare na kusimama kikakamavu. Alitaka wajukuu wake wabaki na picha ya sura yake ya uzeeni, tena ipigwe mahali yalipokuwa maporomoko ya Ripon.

Maporomoko hayo hayaonekani tena. Wasoga, ambao huuita mto huo Kiyira, waliyajua tangu kale. Mwingereza Speke aliyafikia tarehe 28 Julai 1862 na kuyapa jina la bwana mmoja wa kwao. Bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954, maji yalipanda yakayafunika. Mjomba aliwahi kuyaona akiwa mtoto.

Tulipokaribia bwawa nikainua kamera. Mjomba akanishika mkono. "Hapo pana askari wa zamu, mpwa wangu. Usimpe kazi ya kukufuata." Nikaishusha. Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa zaidi, lakini raia anayejifunza kupiga picha na alijue hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Tulifika ukingoni, upande wa mashariki, yapata saa kumi alasiri. Mjomba akasimama, mto ukiwa nyuma yake, na ng'ambo ya pili ukionekana mnara wa Speke. Nilipiga picha zaidi ya 30. Kioo cha kamera hakikusomeka kwa ukali wa jua, nami nikaamini kuwa mambo ni mazuri. Jioni, ndani ya basi, nikazitazama. Maji yalimetameta kama bati jipya, lakini mahali pa uso wa mjomba palikuwa na kivuli cheusi kisicho na macho wala mdomo. Niliona haya kumpigia simu.

Mwenzangu wa kazini alinieleza kosa langu. Jicho la mtu huweza kuona maji yanayong'aa na uso ulio kivulini kwa wakati mmoja. Kamera haina uwezo huo. Ikiachwa ijiamulie yenyewe, huupima mwanga wote ulio mbele yake, na ikiona mwingi hupunguza. Basi uso huzama gizani, hasa uso mweusi kama wetu. Akanionyesha tundu la lenzi linalopitisha mwanga, na shata inayoamua mwanga uingie kwa muda gani. Namba za tundu zilinitatiza sana, kwa kuwa namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo! Akanipa kanuni ya wapiga picha wa zamani: jua likiwaka wazi nyuma ya mpigaji, weka tundu namba 16, hisia ya mwanga 100, na shata sehemu moja ya 125 ya sekunde. Kwa wiki tatu nilifanya mazoezi uani, nikipiga picha za mitungi na za mke wangu, ambaye mwishowe alichoka.

Nikarudi Jinja. Safari hii tulikuwa ukingoni saa mbili asubuhi. Mahali ni pale pale, lakini jua sasa lilikuwa mgongoni pangu na kumwangaza mjomba usoni. Nilimsogelea mpaka akajaa katika picha toka kiunoni, nikamwomba avue kofia iliyomtia kivuli machoni. Akakataa. Nikamwomba ainue kidevu kidogo, hilo akalikubali. Nilipiga picha sita tu.

Iliyokuwa bora niliisafishia mjini, nikampelekea Jumapili iliyofuata. Kila kunyanzi lilionekana, na kovu dogo la shavuni pia. Mkewe akacheka kwa furaha. Mjomba mwenyewe hakushughulika sana na sura yake. Aliisogeza picha karibu na dirisha, akapitisha kidole juu ya maji yaliyo nyuma ya bega lake.

"Hapa," akasema, "palikuwa na jiwe tulilokaa tukivua samaki."

Akaniomba nimletee nyingine, iwe ya maji matupu.