Kisima cha Wote, Ufunguo wa Mmoja

Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba programu huria ni mali ya wote. Kauli hii yapendeza masikioni, nami naiamini. Lakini kila nikitafakari hatima ya WordPress, programu inayoendesha zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani, najiuliza: je, kitu kikiwa cha wote, nani hushika ufunguo?

Swali hili lanigusa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mtunzaji wa tovuti ya chama chetu cha walimu wastaafu. Humo mna taarifa za mikutano, picha za wenzetu waliotangulia mbele ya haki, na kumbukumbu zisizopatikana katika jalada lolote. Programu yenyewe hatukuinunua hata kwa senti moja. Leseni yake, iitwayo GPL, humruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza ilivyoundwa, kuibadilisha na kuigawa.

Uhuru huo ndio ulioizaa WordPress. Hapo awali ilikuwapo programu iliyoitwa b2, kazi ya Michel Valdrighi. Ilipobaki bila mtunzaji, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza waliichukua, wakaiendeleza, na mwezi Mei 2003 wakaitoa kwa jina jipya. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Leseni ilikwisha kuwapa ruhusa.

Basi ufunguo uko wapi? Uko ghalani. Programu hii hutegemea maelfu ya programu ndogo za nyongeza, ambazo, pamoja na marekebisho ya usalama, husambazwa kutoka ghala kuu, WordPress.org. Mullenweg mwenyewe amesema kuwa ghala hilo ni mali yake binafsi. Na tovuti isiyopata marekebisho ni kama nyumba iliyovunjika komeo: mwizi hana haja ya kupiga hodi.

Septemba 2024 ulizuka ugomvi baina yake na WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za wateja. Alidai kuwa inavuna sana na kurudisha kidogo, tena inalitumia jina la WordPress isivyostahili. Kampuni yake, Automattic, ilitaka asilimia 8 ya mapato, kwa fedha au kwa kazi ya watumishi. WP Engine ilikataa. Ghala likafungwa dhidi yake, na wateja wake wakakosa marekebisho, ingawa hawakuwamo katika ugomvi. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Desemba 2024, mahakama ya California iliamuru mlango ufunguliwe wakati kesi ikiendelea.

Sisemi kwamba dai la Mullenweg halikuwa na maana. Achotaye kisimani kila siku bila kusaidia kuondoa tope apaswa kukumbushwa. Lakini adhabu ya mchotaji mmoja isiwe kiu ya mtaa mzima.

Mwezi Juni 2025, wataalamu kadhaa, chini ya mwavuli wa Linux Foundation, walitangaza mradi wa FAIR, wenye shabaha ya kusambaza nyongeza hizo bila kutegemea ghala moja. Kwangu mimi, hiyo ilikuwa dalili kwamba somo limeeleweka: uhuru wa kunakili programu hautoshi, kama njia ya kuifikisha kwa watu ni moja tu.

Siamini kuwa WordPress itakufa upesi. Ninachohofia ni watu wa kawaida kuchoka na magomvi, wakahamia kwa makampuni yanayokodisha tovuti pamoja na programu yake, ambako mpangaji haruhusiwi hata kugusa ukuta. Hapo tutakuwa tumepoteza zaidi ya programu.

Sisi wastaafu tumeamua kubaki, huku tukihifadhi nakala yetu nyumbani. Cha wote hulindwa na wote. Kikiachwa mkononi mwa mmoja, hata awe mwema namna gani, ipo siku atakasirika.