Tuliambiwa ni Honda ya 1982

Busia ndio nyumbani kwa bodaboda. Jina lilianza na baiskeli za miaka ya 1960 zilizovusha watu mpakani. Kwa hiyo huku kila mtu ni mtaalamu wa pikipiki, hasa broka.

Sisi tulichanga pesa ya kikundi tukaenda Tororo kuangalia moja. Broka akasema, "Hii ni Honda ya Japani, 1982, chuma cha ukweli." Tangi limeandikwa Honda, sawa. Lakini fundi wetu akapangusa grisi kwenye shingo ya fremu, pale chini ya usukani, akasoma namba mojamoja.

Mambo iko hivi. Namba ya fremu yenye herufi na tarakimu 17 ikianza na J, ni Japani. Ikianza na MD, ni India. Ile ya kumi, kwa kampuni nyingi, ni mwaka. Yetu ilianza na MD, ya kumi ikawa C. C ni 1982, lakini herufi hurudi baada ya miaka 30, so ni 2012 pia. Na injini ilikuwa ya Boxer. 1982 Boxer haikuwepo.

Tukaomba logbuku tulinganishe namba ya fremu na ya injini. Broka akaanza kupandisha sauti. Tukaondoka.

Pikipiki ikiibwa upande mmoja inaweza kuuzwa upande wa pili, na anayeshikwa ni aliyeipanda. Sisi wakimbizi karatasi zetu zenyewe huulizwa mara mbili. Za pikipiki lazima ziwe safi.

Bado tunatafuta. Mwenye logbuku inayolingana na chuma, atucheki.