Kuta za Bruxelles na ukuta wa kanisa letu

Wengine wenu mmetuuliza tuliona nini huko Ubelgiji, tulipokwenda mwaka 2024 kwa masomo ya katekesi. Labda mwangojea habari za makanisa makubwa na treni. Hayo tuliyaona, lakini wengine wamekwisha kuyaeleza vizuri kutupita. Sisi twataka kuwaambia habari za kuta.

Jumamosi moja tulitembea mjini Bruxelles pamoja na mwenzetu, mwalimu wa dini kutoka Walikale. Katika njia moja ya zamani, iitwayo rue du Marché au Charbon, maana yake njia ya soko la makaa, tuliinua macho tukaona ukuta wa nyumba umechorwa picha kubwa: kijana anatembea na mwenzake bega kwa bega, kana kwamba watashuka sasa hivi wapite kati yetu. Kijana huyo ni Broussaille, mtu wa vitabu vya hadithi za picha vya Frank Pé. Picha hiyo ilichorwa mwaka 1991, nayo ndiyo ya kwanza. Tangu hapo wamechora kuta nyingine makumi kwa makumi, ili kuta tupu zisizo na madirisha zipate uso.

Mwenzetu akacheka, akasema, «Mwalimu, kwetu Kilambo barabara ni uwanja wa ndege, kumbe huku ukuta ni kitabu!» Wasiojua Walikale waelewe: pale Kilambo ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami, kuchukua mawe ya bati yaliyochimbwa Bisie.

Lakini sisi hatukucheka. Neno lile la makaa lilituchoma, na sababu yake ni hii.

Kabla ya Noeli ya mwaka 2022, Wakristu wa kanisa letu dogo huko Masisi walichanga fedha wakanunua chokaa. Wenye kuku waliuza kuku. Wamama walibeba magunia kichwani wakipanda mlima, na vijana wakapaka ndani na nje. Kanisa likawa jeupe kama nguo ya Komunyo ya kwanza. Sisi tulijivuna, tusifiche.

Mwisho wa Januari 2023 vita ikafika Kitshanga. Watu wakaanza kupita kwetu mchana na usiku, wakienda Sake, wengine mpaka kando ya Goma. Waliochoka walilala kanisani, wakawasha moto mbele ya mlango. Walipokwisha kuondoka, asubuhi moja tulikuta ukuta wa upande umechorwa kwa makaa ya mioto yao. Safu ya watu, toka kona hata kona. Mama mwenye godoro kichwani. Mtoto avutaye mbuzi kwa kamba. Mzee aliyeketishwa juu ya chukudu, na kijana anaisukuma kwa nyuma.

Mchoraji tulimjua mara, maana vidole vyake vilikuwa vyeusi. Alikuwa mkatekumeni wetu, mwenye miaka 13. Tukamwuliza, «Nani amekupa ruhusa?» Akajibu, «Hakuna, Mwalimu. Daftari langu limekwisha.» Sisi tukaona ni ujeuri. Tukampa chokaa iliyobaki afute yote kabla ya Dominika, na jina lake tukaliondoa katika orodha ya ubatizo wa Pasaka, angoje mwaka. Akapaka bila neno. Mama mmoja tu alituambia, «Mwalimu, yule wa godoro ni mimi.» Hatukumjibu.

Basi, tuendelee na Bruxelles. Mbali kidogo na njia ile, karibu na stesheni ya Chapelle, kuna uwanja wa vijana wanaoteleza juu ya mbao zenye magurudumu. Kuta zake zimejaa rangi na herufi nene zisizosomeka. Chini ya stesheni hiyo vijana waliwahi kuwa na nyumba yao ya muziki na michoro, Recyclart, iliyohamia Molenbeek mwaka 2018. Kijana mmoja mwenye kopo la rangi alituambia ya kuwa pale huwa wanamwacha, lakini akichora penye ukuta wa mtu bila ruhusa hulipa faini. Basi, huko nako kuna wenye kuta na wasio na kuta. Tintin naye tulimwona ukutani, katika rue de l'Étuve, akishuka ngazi. Huyo tulimpita upesi. Kitabu chake cha Kongo cha mwaka 1931 kilituchora sisi Wakongo kama watoto wasio na akili, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza mchoraji ruhusa amepewa na nani.

Mwisho tukafika Matonge, mtaa uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Hapo tulisikia Lingala na Kiswahili, tukala pondu. Karibu na hapo, tangu mwaka 2018, kuna uwanja wenye jina la Lumumba. Na safari ya dakika chache tu hukufikisha penye sanamu ya Leopold II juu ya farasi, iliyomwagiwa rangi nyekundu mwaka 2020. Mwaka 2002 Chéri Samba alichora watu wa Matonge, na picha yake ikawekwa juu ya maduka, kubwa, wote waione. Mtu huyo alianza Kinshasa katika miaka ya 1970 kwa kuandika vibao vya maduka, kama wale wanaotuchorea vichwa vya watu penye vibanda vya vinyozi, Masisi na Walikale. Nani kwetu aliwahi kuwaita mafundi hao na kuwauliza wangependa kuchora nini?

Januari 2025 vita ikapita kwetu wenyewe, nasi tulikuwa ng'ambo. Jamaa ya yule kijana ikakimbia. Wengine wasema alionekana Goma, wengine wasema alirudi upande wa Walikale kwa wajomba. Neno jingine pia lasemwa juu ya vijana wa umri wake, nalo hatupendi kuliandika.

Tuliporudi tulimpigia simu mzee kiongozi wa kanisa, tukauliza habari za jengo. Akasema, «Mabati ya upande mmoja yamekwenda, Mwalimu. Mvua yaosha ukuta na chokaa inatoka. Godoro laonekana, na kichwa cha yule mama, na pembe za mbuzi. Nitafute chokaa tupake tena?»

Tukamwambia aache, ila atafute mabati mawili matatu ya kuukinga ukuta. Jina la kijana tumeliandika tena katika orodha ya Pasaka. Yeye mwenyewe bado twamtafuta.