Hii ni kostimi?

Baba ni fundi wa kushona. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu picha ya Rais Zelensky katika mkutano wa NATO kule The Hague, Juni 2025: koti jeusi, suruali nyeusi, bila kravati. Nikamwuliza, "Baba, hii ni kostimi?" Akaivuta picha ikawa kubwa. "Koti na suruali ni kitambaa kimoja?" Nikasema naona hivyo. "Basi ni kostimi. Kravati inauzwa kando."

Kwenye Polymarket watu walikuwa wamecheza zaidi ya dola milioni 200 juu ya swali hilohilo: je, Zelensky ataonekana amevaa kostimi kabla ya Julai? Malipo hufanyika katika blokicheni, daftari la pamoja lisilo na macho. Lazima liambiwe kilichotokea, na anayeliambia huitwa orakeli. Hapa ni UMA. Wakati huo yeyote aliweza kuleta jibu, mradi aweke amana. Mwingine akiona si kweli, analipinga kwa amana yake. Asipotokea mpinzani ndani ya muda uliowekwa, jibu linapita. Wakibishana hadi mwisho, wenye sarafu ya UMA wanapiga kura, na mwenye sarafu nyingi ana kura nzito. Aliyeshindwa anapoteza amana. Hata mpiga kura aliyeachana na wengi hukatwa kidogo.

Kwa matokeo ya mpira, sawa. Uongo unakuwa ghali. Lakini hapa kila mtu aliiona nguo. Ubishi ulikuwa juu ya neno. Magazeti kadhaa yaliandika kostimi. Julai, kura ikasema hapana.

Katika memuari yangu nimeandika kwamba maana ya neno ni mapatano ya wasemaji. Niliiona sentensi hiyo kuwa salama kabisa. Sasa inanisumbua, kwa maana mpiga kura anayeogopa kukatwa hajiulizi kostimi ni nini, anajiuliza wenzake watajibu nini. Nayo ni mapatano! Ila msemaji wa kawaida hanunui midomo ya ziada.

Nikamkumbusha Baba abacost ya wakati wa Mobutu: koti na suruali vya kitambaa kimoja, na jina lenyewe likimaanisha "kostimi ianguke". Yeye alijifunzia kazi kwenye hizo.

"Na ile, Baba, ilikuwa kostimi?"

Akacheka, akarudi kwenye mashine yake. "Ile tuliambiwa si kostimi."